Unahamia Zanzibar na kazi ya mtandaoni? Chagua mwezi kabla ya nyumba

Anza na saa za mwajiri wako. Zanzibar haibadilishi saa, Ulaya na Marekani hubadilisha. Kikao cha saa 3 asubuhi cha New York, kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, kwako ni saa 10 jioni. Baada ya hapo ni saa 11, na ukipiga saa nane za kazi unafunga kompyuta saa 7 usiku. Kwa Berlin tofauti ni saa moja majira yao ya joto, mbili wakati wa baridi, kwa hiyo mwenye wateja wa Ulaya anaweza kuja mwezi wowote.

Sasa hali ya hewa. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, nyumba ni za bei rahisi na wenye nyumba wanasikiliza. Lakini hoteli na migahawa mingi ya ufukweni hufungwa kwa ukarabati, na chini ya paa la bati mvua ikishika huwezi kuongea na mteja. Uliza paa ni la nini kabla ya kuuliza bei. Desemba hadi Februari ni kaskazi: joto na fukuto, kiyoyozi kinakula umeme mchana kutwa. Wengi hutumia mita za kulipia kabla, basi mkubaliane nani ananunua yuniti, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kusi, Juni hadi Septemba, ndiyo majira ya kufanyia kazi. Usiku unalala bila kiyoyozi. Kasoro yake ni upepo: ukikaa barazani Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya kusini-mashariki, maikrofoni inasikika kama tanga linalopasuka, na bei hupanda Julai na Agosti. Dawa ni kupatana Aprili au Mei, nyumba zikiwa tupu, kodi ya miezi mitatu kuanzia Juni mosi, kwa maandishi. Ukisubiri Julai umeshachelewa.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Mchana migahawa mingi ya Mji Mkongwe hufungwa na hakuna kula hadharani, kwa hiyo asiyefunga na aliyezoea kufanyia kazi mgahawani apange nyumba yenye jiko na meza.

Usilipe miezi yote kwa picha. Lipia wiki moja, pima intaneti saa 2 usiku watu wakiwa nyumbani, si adhuhuri. Tazama kasi ya kupakia (kutuma data, upload): ikishuka chini ya Mbps 3, video inaweza kukwama. Kisha zima swichi kuu ya umeme, kwa ruhusa ya mwenyeji, uone ruta inabaki hewani au la. Ikizimika, nunua betri ndogo ya ruta na uweke laini ya simu ya mtandao mwingine.