Kutega Kaa na Kurambaza Samaki kwa Chombo cha Tanga: Mwongozo wa Anayeanza Mombasa

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anajua kutweka tanga, kubisha na kutia nanga, lakini hajawahi kuvua akiwa safarini, kwa mitego ya kaa wala kwa kurambaza, yaani kuburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Nimeuandika kwa kufikiria ngalawa au dau dogo la watu wawili au watatu, linaloondoka kwenye hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na kutoka baharini kupitia mbele ya Mji wa Kale. Chombo kisicho na mashine hakina cha kukitoa taabuni upepo ukikatika, kwa hiyo maji na upepo ndivyo hupanga safari, na mitego na mishipi hufuata.

Hatua ya 1: Ruhusa na mipaka

Anzia kwenye diko unalotumia, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia, uonane na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), wakueleze leseni unayohitaji chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 na wakuonyeshe wenyeji wanatega wapi. Kuvua ndani ya mbuga ya baharini ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 upande wa Nyali na Bamburi, kumekatazwa kabisa, na mshipi unaoburutwa nyuma ya chombo huhesabiwa kuwa ni uvuvi.

Hatua ya 2: Kuchagua siku

Hapa ndipo safari hufanikiwa au huharibika. Mombasa, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mkondo wake ni mkali mno kwa anayeanza. Kwa kuwa kujaa huchelewa kiasi cha dakika hamsini kila siku, subiri siku mbili tatu baada ya kilele cha bamvua, ambapo maji yatajaa kunako saa kumi na mbili asubuhi. Hapo utayakuta maji yametulia kunapopambazuka, uinue mitego yako kwa utulivu, kisha maji yanayotoka pamoja na umande unaovuma kutoka nchi kavu vikutoe baharini. Adhuhuri maji huanza kujaa tena, na upepo wa baharini hukurudisha nyumbani. Msimu wa kaskazi au wa matlai (upepo wa mashariki) unamfaa mgeni. Juni hadi Agosti, kusi linapochacha, bakia ndani ya hori.

Hatua ya 3: Kuandaa dema

Dema ni mtego wa mfano wa kikapu, na mawili yanatosha kwa mwanzo. Tia jiwe ndani lisisukumwe na mkondo, na chambo, kwa mfano kichwa cha samaki kibichi, ukifunge katikati ili kaa asikinyofoe akiwa nje. Mlango ufunge kwa kamba ya katani badala ya nailoni, kwa sababu dema likipotea, katani huoza na kaa walionaswa hutoka. Bila hivyo mtego huendelea kuua bila faida kwa yeyote.

Kamba ya boya nayo ipimwe kwa maji yaliyojaa. Mahali penye kina cha mita nne maji yakipwa patakuwa na saba au zaidi yakijaa, na kamba fupi itazamisha boya lako. Tumia kamba inayozama, au ifungie kipande kidogo cha risasi, madini mazito ya kuzamishia, karibu na boya, kwa maana kamba inayoelea hunasa usukani. Boya laweza kuwa dumu dogo la plastiki lenye alama yako.

Hatua ya 4: Kushusha na kuinua

Shusha madema alasiri ya siku iliyotangulia, kandokando ya mikoko, mahali pasipokauka, mbali na njia ya vyombo. Kaa wa mikoko hujificha matopeni mchana na kutembea usiku, hasa maji yanapojaa. Unaposhusha, hakikisha mguu wa mtu haumo ndani ya kamba iliyokunjwa.

Alfajiri, tua tanga kabla ya kulifikia boya na umalizie kwa kafi. Mkondo ukiwa umeanza kwenda, likabili boya ukielekea juu ya mkondo, ili chombo kitii usukani huku kikisogea polepole, na ulishike kutokea omo, yaani mbele ya chombo. Ukilichukulia nyuma, kamba itapita chini ya matengo ya ngalawa, ile miti ya pembeni, na kukushika hapo. Kisu kikali kiwe mahali ambapo kila mtu anakijua, na kamba ikikaza vibaya ikatwe bila kusita.

Mshike kaa kwa nyuma, mbali na magando, umpindue. Kifuniko cha tumbo la dume ni chembamba na kimechongoka. Cha jike aliyekomaa ni kipana na cha mviringo. Majike hutoka horini kwenda bahari kuu kutaga, kwa hiyo mwenye mayai hurudishwa, na mimi huwarudisha hata majike wengine waliokomaa. Bonyeza pia gamba la chini: likibonyea, kaa huyo ametoka kujivua gamba, nyama yake ni majimaji, naye arudishwe.

Hatua ya 5: Kurambaza

Ukiwa nje ya mlango wa bahari, na ukiwa umeziachia nafasi meli zinazoingia bandari ya Kilindini, kwani haziwezi kusimama kwa ajili yako, toa mshipi mmoja tu wa mita thelathini hadi hamsini. Mwisho wake uwe na kipande cha waya, kwa sababu meno ya nguru hukata nailoni. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli baina ya mshipi na chombo. Samaki akipiga, mpira utavutika ghafla na kubaki umekaza, nao utapunguza mshtuko ambao ungekata mshipi au kumchana samaki mdomo. Mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) nne hadi sita unafaa.

Akinasa, msukani alegeze demani, kamba ya kuongozea tanga, kidogo ili mwendo upungue bila kuisha, na mwenzake avute akiwa amevaa glavu, asizungushe mshipi mkononi hata mara moja. Mshipi unaovutwa uangukie ndani ya beseni. Samaki apandishwe kwa kulabu na apigwe rungu mara moja. Bunju, samaki anayejivimbisha, akinasa, mrudishe. Sumu yake huua.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Nguru na jodari watolewe matumbo na waingie kwenye barafu papo hapo, kwa kuwa wakikaa juani hufanya sumu isiyoondolewa na moto wa jikoni. Kaa wafungwe magando na wawekwe kivulini chini ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Usiwaweke kwenye ndoo ya maji yaliyosimama, kwa maana hewa ya maji hayo huisha upesi, nao hufa kabla hujafika dikoni.