Somo: Kabla hujanunua sarafu mpya, tafuta mlango wa kutokea

Habari za jioni, wanakikundi. Wiki hii watu watatu wameniuliza kuhusu sarafu ileile moja ya kidijitali, hizi za kununuliwa mtandaoni. Siitaji, maana nikiitaja wengine mtakimbilia kuinunua. Nawapa njia ninayoifuata mwenyewe.

Nimekulia kwa madalali wa tanzanite hapa Arusha. Mnunuzi mzoefu akipewa jiwe haanzi na bei. Analigeuzageuza kwenye mwanga aone kama bluu inaingia zambarau, ndipo afungue mdomo. Kipande cha chupa ukikigeuza hakibadiliki. Sarafu nayo tuigeuze hivyohivyo kabla ya bei.

Hatua ya 1. Pata anwani ya mkataba wa sarafu, yaani ile programu ya mtandaoni inayoiendesha; anwani yake ni mfuatano mrefu wa herufi na namba. Jina si kitu, yeyote anaweza kutengeneza sarafu yenye jina la mradi wa mwenzake. Ichukue kwenye tovuti ya mradi, uilinganishe na ya CoinGecko, tovuti inayoorodhesha sarafu na bei zake, mpaka herufi ya mwisho. Ya kwenye Telegram achana nayo.

Hatua ya 2. Ibandike Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala yote ya sarafu za mtandao wa Ethereum, au BscScan kama sarafu iko kwenye mtandao wa BNB. Hapa kaeni, msiwe na haraka. Fungua orodha ya wamiliki: majina hayapo, ila asilimia zipo. Pochi moja, yaani akaunti ya kuhifadhia sarafu, ikishika nusu ya sarafu zote, bonyeza ujue ni ya soko, ni ya kufungia akiba, au ni ya mtu. Kisha soma miamala. Je, kuna watu wa kawaida wanaouza? Ukiona manunuzi matupu, na wanaouza ni pochi mbili tatu zilezile, huo ni mtego: mkataba umeandikwa ili wewe uingie usitoke.

Mwaka 2021 sarafu iliyojipachika jina la Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea, ilipanda kupita dola 2,800, halafu ikaporomoka karibu na sifuri, na walionunua walikuwa hawawezi kuuza. Mwaka huohuo mimi nilinaswa na nyingine, laki mbili na nusu. Nilikuwa kwa mama ntilie pale soko la Kilombero, chai inapoa, nabonyeza kuuza, simu inajibu muamala umeshindikana. Na kila nikibonyeza, ada inakatwa! Salio linasoma milioni moja na ushee. Tajiri wa kwenye kioo cha simu.

Tangu siku hiyo nanunua kiasi cha kuonja, nauza papo hapo. Hata hivyo haitoshi ikiwa mwenye mkataba amebaki na uwezo wa kubadili masharti kesho.

Hatua ya 3. Tazama dimbwi. Kwenye masoko kama Uniswap, fedha za kumlipa anayeuza zinakaa kwenye dimbwi la pamoja. Aliyeziweka akiwa na ruhusa ya kuzitoa saa yoyote, utaamka umekuta pakavu. Angalia ni kiasi gani na zimefungwa mpaka lini.

Hatua ya 4. Piga hesabu. "Ni shilingi moja tu, ikifika elfu tumetoka!" Haya, sarafu ziko bilioni 100. Zikifika elfu moja kila moja, zote zina thamani ya shilingi trilioni 100, yaani kama mara mbili hivi ya bajeti ya serikali yetu ya 2024/25. Nani ataleta hela hiyo?

Hatua ya 5. Andiko la mradi, linaloeleza sarafu ni nini, na watu walio nyuma yake. Andiko la Bitcoin la 2008 lina kurasa 9, na linaeleza kitu kinavyofanya kazi. La sarafu unayoitaka likiwa na kurasa 40 za picha za magari, funga. Sura ya mwanzilishi nayo isikulevye: Ruja Ignatova wa OneCoin alihutubia umati Wembley mwaka 2016, mwaka uliofuata akatoweka, na sarafu yenyewe haikuwa na blokucheni ya kweli, yaani daftari la pamoja la mtandaoni linaloandika kila muamala.

MASWALI

Mama Neema: Mwalimu, nimeambiwa nikileta watu watano napata asilimia kila mwezi. Nayo naikagua Etherscan?
Jibu: Hapana mama, usijisumbue. Huo ni upatu wa kitapeli umevaa koti jipya.

Godlisten: Kaka, si Benki Kuu walikataza? Mbona tena kuna kodi?
Jibu: Novemba 2019 BoT walitangaza kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kisheria nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si kulindwa, chalii wangu. Ukitapeliwa, usitegemee kwamba kuna wa kukufidia.

Mzee Laizer: Mimi nimeshaweka ada ya mtoto. Nikitaka kutoa wanasema nilipe kwanza laki tatu za kufungua akaunti.
Jibu: Shikamoo mzee. Usilipe hata mia, ukilipa hiyo watabuni nyingine. Yale maneno ya siri yanayofungua pochi yako usimpe mtu, hata akijiita msaidizi wa kurudisha hela. Hifadhi meseji zote na risiti za kutuma, usifute kitu. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa Kilombero, njoo na simu tuitazame pamoja anwani ulikotuma hela, halafu nikusindikize polisi.