Mboga za kwenye ndoo: mbolea itiwe lini, na kiasi gani

Siku hizi uani mwa nyumba nyingi za Dar es Salaam utakuta ndoo za rangi na viroba vimepandwa sukuma wiki, nyanya na hoho. Ni jambo jema, lakini mboga nyingi kati ya hizo huishia njiani kwa sababu ya mbolea kuliko kwa sababu ya wadudu. Mtu anapanda, anasahau, na majani yakigeuka manjano anamwaga konzi nzima ya mbolea ya dukani, UREA. Shambani udongo ni mwingi, mizizi ina pa kukimbilia. Ndani ya ndoo ya lita 20 haina.

Jambo la pili la kujua kuhusu ndoo ni maji. Kila unapomwagilia mpaka maji yakatoka kwenye matundu ya chini, yanaondoka na nitrojeni, chakula kinachokuza majani. Ndiyo maana ndoo iliyojazwa samadi nzuri mwanzoni huchoka baada ya wiki chache, wakati tuta la bustanini lenye samadi ileile bado linalisha mboga. Kwa hiyo mmea wa ndoo ulishwe kidogo kidogo na mara kwa mara.

Anza na udongo wenyewe. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyoiva na moja ya mchanga. Samadi iliyoiva haina joto ukiishika, hainuki, na huwezi tena kutambua kinyesi wala majani yaliyomo. Samadi ya kuku ndiyo ya kuogopa zaidi: ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na kwa mboga za majani inaweza kubeba vimelea vya magonjwa. Irundike, iloweshe, igeuze, na uiache miezi mitatu hivi. Ukipanda nyanya au hoho, ongeza kizibo kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia) chini ya shimo, kifukie kwa udongo kabla ya kuweka mche ili mizizi isigusane na mbolea. Kizibo cha soda hubeba takribani gramu 5; ni kipimo kizuri kuliko vidole.

Mche uliohamishwa uache wiki mbili ushike kwanza. Ukiona majani mapya yanachomoza, hapo ndipo mbolea ya kukuzia inapoanza kazi. Kwa ndoo napendelea CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni, kuliko UREA. UREA ina nitrojeni asilimia 46, karibu mara mbili ya CAN, kwa hiyo kosa dogo la kipimo linaunguza. Tena ukiiacha juu ya udongo wakati wa jua, sehemu yake inageuka hewa na kupotea. Yeyusha kizibo kimoja cha CAN katika lita 5 za maji, koroga, acha mashapo meupe yatulie chini (ni chokaa, haina madhara), kisha mpe kila mmea nusu lita hivi, mara moja kwa wiki mbili. Tia jioni au asubuhi mapema, udongo ukiwa tayari na unyevu. Udongo mkavu mwagilia kwanza maji matupu, maana mbolea ya chumvichumvi kwenye udongo mkavu huvuta maji kutoka kwenye mizizi. Na mawingu ya masika yakiwa yametanda, subiri. Mvua kubwa itaisomba yote.

Mimea haili sawa. Mchicha unaochumwa wiki ya nne hauhitaji zaidi ya samadi nzuri. Sukuma wiki inachumwa miezi na miezi, kila jani unalovunja limeondoka na chakula, hivyo iendelee kulishwa. Nyanya zikianza kutoa maua, punguza CAN na uhamie NPK 17:17:17 (mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) kwa kipimo hichohicho, la sivyo utapata kichaka kizuri kisicho na matunda. Bogenvilia nayo ni vivyo hivyo: nitrojeni nyingi, majani mengi, maua machache.

Kabla ya kutia chochote, tazama majani. Ya chini yakiwa manjano na ya juu ya kijani, mmea una njaa ya nitrojeni. Mmea huihamisha nitrojeni hiyo kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Kingo za majani ya chini zikikauka kama zimechomwa, mara nyingi potasiamu imepungua. Lakini mmea wote ukinyauka na kuwa manjano huku udongo umelowa, chunguza matundu ya chini. Yakiziba, mizizi inaoza, na mbolea itaumaliza mmea haraka zaidi.

Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa ndoo au juu ya udongo, na ncha za majani zimekauka, chumvi ya mbolea imezidi. Ukwangue ukoko huo na uutupe. Halafu mwagilia maji matupu polepole, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa ndoo, yote yapite na kutoka chini. Usitie mbolea tena mpaka utakapoona majani mapya yenye afya, na ukianza, anza na nusu ya kipimo.