Fikasi ndani ya nyumba: ichagulie mahali, kisha iache itulie

Fikasi ni mti wa mapambo wa jamii ya mkuyu na mtini. Nyingi zinazofia ndani ya nyumba huuawa na maji, na maji yenyewe humwagwa kwa huruma. Mti umetoka kitaluni, wiki mbili baadaye unaanza kupukutisha majani. Mwenye nyumba anaingiwa na hofu, anaumwagilia. Unapukutisha zaidi, anaongeza maji, hadi mizizi inaoza. Kumbe mwanzoni mti haukuwa na kiu hata kidogo. Ulikuwa unabadilisha majani.

Jani lililokulia kwenye mwanga mkali wa nje huwa nene, limeumbwa kwa mwanga ule. Ndani ya nyumba mwanga ni sehemu ndogo tu ya ule wa nje, ingawa macho yetu huzoea haraka na kutudanganya. Jani la namna hiyo sasa linatumia chakula kingi kuliko linachotengeneza, hivyo mti huliangusha na kuotesha jipya, jembamba zaidi, linalotosheka na mwanga mdogo. Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza usihamishe chungu, usibadilishe udongo na usitie mbolea. Ukiwa na shaka kama tawi lililobaki uchi bado lina uhai, likwaruze gome kidogo kwa ukucha. Ukiona ukijani mbichi chini yake, subiri. Ukikuta kahawia kavu, kata kurudi nyuma hadi penye ukijani.

Aina zinazofugwa zaidi ndani ni nne. Benyamina ina majani madogo yenye ncha na matawi yanayoinama. Ndiyo inayochukia mabadiliko kuliko zote. Elastika, ile ya majani mazito yanayong'aa ambayo wengi huiita mpira, ni mvumilivu na ndiyo ningemshauri anayeanza. Lirata, yenye asili ya misitu ya Afrika Magharibi, ina majani makubwa yenye umbo la fidla, na inadai mwanga mwingi. Mikrokarpa, yenye shina nene lililovimba chini, husamehe makosa mengi. Zote ni jenasi moja na mkuyu na mtini, na zote hutoa utomvu mweupe zikikatwa. Utomvu huo huwasha ngozi na macho na kuwadhuru paka na mbwa wakitafuna majani, basi vaa glavu na weka chungu wasipofikia.

Mahali panapofaa ni karibu na dirisha, ndani ya mita moja hadi moja na nusu, penye mwanga mwingi usio wa jua kali la mchana. Jua la asubuhi halina neno. Pima hivi: saa sita mchana, kukiwa kweupe, nyoosha mkono sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mti. Kivuli kikiwa na kingo zinazoonekana wazi, panatosha. Kikiwa ukungu tu, elastika itaishi lakini lirata itadhoofu. Joto la nyuzi 18 hadi 27 ndilo linaloifaa. Likishuka chini ya 13 majani huanza kuanguka. Iepushe na upepo wa kiyoyozi, mlango unaofunguliwa kila mara, na kipasha joto. Kila wiki zungusha chungu robo mduara ili mti usielemee upande mmoja.

Sasa maji. Usifuate kalenda, fuata udongo. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili, yaani kama sentimita 4 au 5. Kikitoka na udongo baridi unaonata, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia polepole kuzunguka chungu chote hadi maji yatoke matunduni. Chungu cha upana wa sentimita 20 hunywa takriban lita moja. Baada ya nusu saa mwaga maji yaliyobaki kwenye kisahani. Kumwagia kikombe kimoja kila siku ni vibaya mara mbili: juu kunabaki chepechepe, na mizizi ya chini haipati kitu. Jizoeze pia kunyanyua chungu kabla na baada ya kumwagilia. Baada ya mwezi mkono wako utajua uzito wa kiu. Msimu wa baridi au wenye mwanga hafifu mti hunywa kidogo sana, na kidole hicho hicho kitakuambia.

Majani nayo husema. Kingo kavu, kahawia hafifu inayovunjika, ni kiu au hewa kavu. Madoa meusi laini yanayoanzia katikati au karibu na kikonyo, hasa kwenye majani ya chini, ni mizizi inayooza. Hapo toa mti chunguni: mzizi mzima ni mgumu na wa rangi ya krimu au kahawia, uliooza unateleza na kunuka. Kata iliyooza yote, panda upya kwenye udongo mkavu kiasi. Vidoa vidogo vyekundu kwenye majani machanga ya lirata husababishwa na mizizi kupokea maji mengi kwa kushtukiza baada ya ukame. Huwa vinafifia jani likipanuka.

Udongo uchujishe maji: sehemu 2 za udongo wa bustani, 1 ya mboji, 1 ya mchanga mkubwa au kokoto laini. Chungu lazima kiwe na matundu. Badilisha kila miaka 2 au 3, mizizi inapochungulia matunduni, na kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Chungu kikubwa mno huhifadhi maji ambayo mizizi haiyafikii. Mbolea ya maji tia nusu ya kipimo cha kwenye chupa, mara moja kwa mwezi mti unapochipua.

Ukitaka matawi mengi, kata ncha juu kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapoota kwenye tawi. Machipukizi hutokea chini ya mkato. Kipande hicho usikitupe. Chukua urefu wa sentimita 10 hadi 15 chenye vifundo 2 au 3, bakisha majani mawili ya juu, suuza utomvu kwa maji vuguvugu hadi ukome kutiririka, kisha kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji na ukifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Jani tupu lisilo na kifundo laweza kutoa mizizi, likakaa hivyo bila kuwa mti kamwe.

Futa majani kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya wiki mbili, juu na chini. Chini ndiko utakakokuta utando mwembamba wa utitiri au vidugamba, wadudu wadogo wenye gamba, vilivyoganda kwenye mshipa, vikiacha utelezi unaonata sakafuni. Kwangua vidugamba kwa pamba, kisha nyunyizia maji yenye mililita 5 za sabuni laini ya maji kwa lita moja, jioni, kila baada ya siku 7 kwa wiki nne, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni na kizazi kipya huanguliwa baada ya kile ulichokiua.