Klachi mpya, pedali laini: giaboksi usiishushe kwanza

Cruiser ya kubebea watalii ililetwa kwangu Unga Limited, Arusha, klachi yake ina siku mbili tu. Pedali inazama kama godoro, rivasi inalia kraa. Dereva alishaambiwa giaboksi ishuke tena. Nikamwambia subiri kidogo.

1. Kanyaga pedali harakaharaka mara kumi. Ikipanda na kukaza, kuna upepo kwenye mafuta ya klachi. Ikikaza halafu ukiishikilia ikazama yenyewe taratibu, na nje hakuna panapovuja, mpira wa masta ya juu (silinda ya kwenye pedali inayosukuma mafuta) umekwisha.

2. Ingia uvunguni, funua mpira wa vumbi wa masta ya chini (silinda ya kwenye giaboksi inayopokea mafuta na kusukuma klachi). Kwenye ile Cruiser mafuta meusi yalinichuruzika hadi kiwikoni. Wateja hudhani ni uchawi: mbona ilikuwa nzima kabla ya klachi? Ni hivi. Pleti ya klachi ikilika, pistoni ya masta ya chini hurudi ndani kidogokidogo. Pleti mpya ikifungwa, pistoni inatoka mbele zaidi, na mpira wake mkongwe unaburuzwa kwenye sehemu yenye kutu ambayo haujapita miaka mingi. Unachanika. Pitisha ukucha ndani ya silinda: ukikwama kwenye mkwaruzo, usihangaike na mipira, nunua masta nzima.

3. Toa upepo. Mrija mweupe kwenye nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini), ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Dogo wa kukusaidia akanyage pedali polepole na ashikilie. Wewe fungua nipeli, mapovu yatoke, funga, ndipo aachie. Akiachia mapema unavuta upepo upya, kazi yote bure. Kikopo cha mafuta cha juu kisikauke. Weka mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Oili ya injini huvimbisha mipira. Mafuta ya breki yakimwagikia bodi, mwagia maji upesi, yanakula rangi.

4. Shika hozi ya mpira dogo akikanyaga. Ukiisikia inavimba mkononi, badilisha.

5. Angalia pia mchezo wa fimbo ya pedali, yaani ile nafasi ndogo kabla fimbo haijaanza kusukuma masta ya juu.

6. Washa injini, kanyaga hadi chini, hesabu tatu, ingiza rivasi. Ikiingia kimya, mpe dereva funguo. Bado inalia? Sasa ndiyo ushushe giaboksi, ukatazame kama pleti iligeuzwa au foki (uma unaosukumwa na masta ya chini) imechomoka kwenye kitako chake.