Kutafuta Chanzo cha Taa ya Eabegi Isiyozimika
Katika magari mengi ya Toyota, taa ya eabegi, yaani mifuko ya hewa ya kukinga abiria, huwaka unapofungua swichi na kuzimika baada ya sekunde 6 hivi. Ikibaki imewaka, mfumo umeona hitilafu, na huenda mifuko hiyo isifunguke wakati wa ajali. Fundi anayependekeza kuchomoa balbu anakuuzia kiinimacho. Anza kwa kusoma msimbo wa hitilafu, yaani alama ambayo kompyuta ya gari huhifadhi, kwa mashine ya uchunguzi, ukihakikisha kuwa mashine hiyo inasoma mfumo wa eabegi, kwani nyingi za bei nafuu husoma injini tu. Msimbo ukielekeza kwenye kiti, chunguza soketi ya njano iliyo chini yake, ambayo hulegea kiti kinaposogezwa mara kwa mara au kinapotolewa ili gari lioshwe. Ukielekeza upande wa dereva, na honi nayo haiitiki, shuku utepe wa nyaya uliojikunja nyuma ya usukani, ambao hubadilishwa wote. Kabla ya kugusa soketi yoyote, zima swichi, chomoa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90. Kamwe usipime mfuko wenyewe kwa mita, maana mkondo mdogo tu waweza kuufyatua. Soketi ikishakaa sawasawa, rudisha waya wa betri, futa msimbo, kisha uitazame taa upya.