Bunduki ya upepo: kagua maungio kwanza, kasi baadaye

Kabla hujatoa hela, pita kituo cha polisi uulizie kibali. Bila hicho, usinunue wala usiagize.

Muuzaji ataanza na kasi: "Hii inatoa futi 1,200 kwa sekunde!" Namba za hivyo mara nyingi hupatikana kwa risasi nyepesi za aloi. Tena risasi inayokaribia kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, huanza kuyumba. Kwa shabaha za karatasi, bunduki ya milimita 4.5 yenye mita 240 hadi 270 inatosha.

Za kujazwa hewa hulenga vizuri zaidi, ila zinataka pampu ya kufikisha mgandamizo wa bar 200 na oringi, yaani vipete vya mpira vya kuzuia hewa, za akiba. Kwa mtu wa Arusha au Moshi ambaye hana fundi wake, ya springi, ile ya kukunja mtutu, ina usumbufu mdogo.

Ikiwa haina risasi wala haijakokiwa, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, utikise kushoto na kulia. Maungio, pale mtutu unapokunjwa, yakicheza hata kidogo, iache. Mtutu hautarudi palepale kila unapokunja, nawe utaishia kuilaumu darubini ya kulengea. Yakiwa imara, pakia risasi, laza kipande cha karatasi ya chooni juu ya maungio, ufyatue kwenye gunia la mchanga. Karatasi ikiruka, oringi inavuja. Hiyo si sababu ya kuikataa. Ni sababu ya kushusha bei.

Muuzaji asiifyatue tupu ili usikie mlio. Bila risasi ya kuzuia hewa, pistoni hugonga mwisho wa silinda kwa nguvu zote, na sili (mpira wa pistoni wa kuzuia hewa) na springi ndizo zinazoumia. Ikitoa moshi na kishindo kila mara, huenda kuna mtu alimimina mafuta ya cherehani ndani. Yanaungua kwa mgandamizo. Na isikae imekokiwa, springi huchoka.

Darubini ya bei poa haidumu hapa: bunduki ya springi huruka nyuma kisha mbele, na vioo vinalegea.

Sasa pima. Mita 10, miwani machoni, nyuma ya karatasi gunia la mchanga. Usipige penye mawe yetu haya ya volkano, risasi hurudi. Iegemeze kwenye kiganja kilicho wazi bila kuibana, maana ukiibana inaruka tofauti kila mara. Piga 5, kisha ubadili aina ya risasi, aina tatu hivi. Chagua ile ambayo matundu yake yanafunikwa na sarafu ya shilingi 200. Masika yakianza, futa mtutu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nje tu.

Matundu yakianza kutawanyika baada ya risasi mia mbili tatu, shika bisibisi kabla ya kutafuta fundi: mara nyingi skurubu za mbele za kitako ndizo zimelegea.